Uvundo Chini ya Baraza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja, na kazi yenyewe ilinitia kichefuchefu. Mama yangu aliuza kuku waliochinjwa, na meza yake ilikuwa kando ya barabara kuu, si mbali na soko. Alianza kuchinja na kunyonyoa nyumbani alfajiri. Nilipomaliza kuoga na kuvaa sare, nilikuta ndoo ndogo ya plastiki ikinisubiri mlangoni. Ilijaa manyoya yaliyolowa, matumbo, na vitu vingine vya ndani ya kuku ambavyo sitavitaja hapa, maana huenda wewe msomaji umetoka kula sasa hivi.

"Pua, ndoo hiyo," Mama alisema bila kugeuka. "Shimoni, si pengine."

Pua nilikuwa mimi. Baba ndiye aliyenibandika jina hilo nilipokuwa na miaka minne, siku nilipoyakataa maziwa nikiwa bado mlangoni, na kumbe kweli yalikuwa yameanza kuharibika. Nilikua nikiwa mtu wa kinyaa. Sikuweza kula karibu na mtu anayetafuna mdomo wazi. Sikuweza kunywa kwenye kikombe chenye alama ya midomo. Shuleni nilichaguliwa kuwa kiranja wa usafi wa darasa la sita, na wenzangu waliponiona nikija walikunja vidole ili nisione kucha zao.

Shimo la taka lilikuwa nyuma ya soko, mwendo wa dakika kumi. Nililichukia. Nzi walipanda usoni bila adabu, mbwa waligombania mabaki, na ukingo wake uliteleza. Siku moja mguu wangu uliteleza kweli, nikazama hadi gotini katika uji mweusi wenye funza. Nilitapika palepale. Nilijisugua kwa sabuni mara tatu, nikaenda shule nimechelewa, na nikaapa moyoni kwamba sitalikaribia tena lile shimo.

Siku iliyofuata nilitafuta njia nyingine, nikaipata katika Pumziko.

Pumziko lilikuwa jengo la zamani lililosimama kando ya barabara, katikati ya nyumba yetu na soko. Lilijengwa wakati watu waliposafiri kwa miguu siku nyingi, mizigo kichwani, ili wapate mahali pa kukaa kivulini bila kuulizwa wametoka wapi. Lilikuwa na kuta tatu nene za mawe na chokaa. Upande wa nne ulikuwa wazi kuelekea barabarani, na paa lake la nyasi, lililobebwa na boriti nyeusi, lilishuka chini kiasi kwamba mtu mzima alilazimika kuinama ili aingie. Ndani, baraza la mawe lilizunguka kuta zote tatu. Ukutani mlikuwa na vidaka viwili vya kuwekea mitungi, na juu kabisa matundu madogo ya kupitisha hewa. Mlangoni palikuwa na jiwe lililochimbwa katikati, mahali pa msafiri kunawa miguu kabla ya kukaa.

Mitungi ile ilikuwa ya Bibi, mama yake baba. Kila asubuhi, jua likishachomoza, alileta maji safi akaijaza, kama mama mkwe wake alivyofanya kabla yake. Hakulipwa na mtu. Ukimwuliza kwa nini anajisumbua, alikujibu, "Kwani wewe ukiwa na kiu unapenda kuulizwa kwa nini?"

Mimi nilipita kabla ya Bibi. Katika kona ya ndani, mwisho wa baraza, niliona jiwe la mraba sakafuni lenye tundu la kuingiza kidole. Nililiinua. Chini yake palikuwa na shimo jeusi lililoingia chini ya baraza. Nikajiambia kwamba hili ndilo shimo la taka la wazee wa zamani. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe, nikakubaliana na mwenyewe, nikamimina ndoo nzima na kurudisha jiwe. Dakika mbili tu! Mikono yangu ilibaki safi, viatu vyangu vilibaki safi, na hakuna nzi hata mmoja aliyenigusa.

Nilifanya hivyo kwa miezi miwili. Siku ambazo shimo lilikataa kupokea, nilisukuma kwa fimbo.

Kisha Pumziko likaanza kunuka.

Mwanzoni ilikuwa harufu ya kupita tu. Baadaye ukawa uvundo wa kukaa, uvundo wa kukufuata hadi nyumbani ndani ya nguo. Nzi wa kijani walijaa kwenye mitungi ya Bibi. Maji ya kunawia miguu hayakwenda tena popote. Yalisimama sakafuni, yakafanya utando wa kijani, na ukiutazama vizuri uliona vidudu vikicheza ndani yake. Nilipokuwa nikipita kwenda shule na wenzangu, mimi ndiye niliyeziba pua wa kwanza na kupiga kelele kuliko wote.

"Watu wachafu!" nilisema. "Wanakojoa mlemle wanamokaa!"

Utashangaa, lakini sikujua. Nakuambia kweli. Nilidhani ndoo zangu zilikwenda chini kabisa ardhini, mbali na pua za watu. Pengine kipande kidogo cha moyo wangu kilijua, ila sikukipa nafasi ya kusema.

Mtu aliyekaa Pumziko kuliko wote alikuwa msukuma mkokoteni mmoja tuliyemwita Breki, kwa sababu mkokoteni wake haukuwa nayo. Alikuwa na mguu mmoja mbovu, na kila baada ya safari mbili za mizigo aliegesha mkokoteni, akanawa miguu, akanyoosha ule mguu juu ya baraza. Mimi nilimtazama Breki, nikautazama ule uchafu, nikajumlisha.

Mwalimu wa Sayansi alipotuambia tuandike barua kuhusu tatizo la usafi katika mtaa wetu, niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba Pumziko linanuka na kwamba ni hatari kwa afya. Hapo ningeishia, ingekuwa kweli tupu. Lakini nikaongeza chumvi: "Wasukuma mikokoteni hukojoa humo kila siku. Nimewaona kwa macho yangu." Sikuwa nimemwona yeyote. Mwalimu aliisoma barua yangu mbele ya darasa, akanipigia makofi, kisha akaipeleka kwa bwana afya.

Bwana afya alikuja na kalamu sikioni na kitambaa puani. Aliinama, akaingia, akatoka upesi kuliko alivyoingia. Alitema mate mara mbili barabarani, akasahau kwamba yeye ndiye anayekataza watu kutema mate barabarani.

"Hili ni choo, si jengo," alisema. Akatoa brashi na rangi nyekundu, akachora alama ya X kwenye nguzo ya mlango. "Siku saba. Livunjwe."

Bibi alikuwa amesimama pale na ndoo yake ya maji. "Baba," alisema kwa upole, "siku saba hizo nipe mimi. Nitalisafisha."

"Mama, unalisafisha kila siku, na bado linanuka. Tatizo ni watu wako hawa." Akamwonyesha Breki kwa kalamu. "Na wewe, nisikuone humu ndani tena. Wanafunzi wameandika. Wamekuona."

Breki alifungua mdomo, akaufunga. Aliinuka, akaushusha mguu wake mbovu taratibu, akatoka juani. Watu wa sokoni waliokuwa wakitazama walimzomea. Tangu siku hiyo alipumzika juu ya mkokoteni wake mwenyewe, jua likimpiga utosini, na akinamama walipopita karibu naye walivuta kanga zao puani.

Siku zile saba Bibi hakupumzika. Alimwaga majivu, akasugua baraza kwa ufagio wa chelewa, akakausha utando kwa matambara. Nilimkuta jioni moja amepiga magoti, macho yamemwiva kwa uvundo, anasugua mahali ambapo hapakuwa na uchafu wowote.

"Bibi, acha tu," nilimwambia nikiwa nimesimama mbali. "Wavunje. Pananuka mno."

Aliacha kusugua. "Niliolewa nikaikuta mitungi hii hapa," alisema. "Mkwe wangu aliniambia neno moja tu, kwamba asipite mtu hapa na kiu. Sasa nitamwambia nini? Kwamba ilinishinda harufu?" Akarudi kusugua. Niliziba pua, nikaenda zangu.

Siku ya saba Mwalimu alitupeleka darasa zima kwenda kulichora Pumziko kabla halijavunjwa. Tulikaa ng'ambo ya barabara na madaftari yetu, karibu na meza ya Mama. Bwana afya alifika na fundi mwashi, mzee mfupi mwenye chokaa hadi kwenye nyusi, ambaye alikuwa amepewa kazi ya kulibomoa. Lakini fundi yule hakuanza kwa nyundo. Alivua viatu, akakanyaga jiwe la mlangoni, akamwomba Bibi maji ya kunawa miguu.

"Fundi, tumekuja kuvunja," bwana afya alisema.

"Nitavunja. Lakini siingii Pumziko na vumbi miguuni. Hata waliolijenga hawakuingia hivyo."

Bibi alimmiminia. Maji yakateremka kutoka kwenye jiwe, yakaelekea kona ya ndani, kisha yakasimama. Fundi akayatazama. Akasema, "Ongeza." Bibi akaongeza. Maji yakapanda badala ya kushuka, na yakaleta juu mapovu ya kahawia. Wanafunzi wakasema "Yuuu!" kwa sauti moja.

"Jengo hili halinuki lenyewe," fundi alisema. "Watoto, njooni muone kitu kabla sijakibomoa." Tulivuka barabara tukiwa tumeziba pua. "Tazameni sakafu. Mnaiona imelala sawa, sivyo? Haijalala sawa. Imeinamia kona ile, kidogo tu, jicho halioni lakini maji yanaona. Na baraza hili mnalokalia si mawe matupu. Ndani yake mna mfereji unaozunguka kuta zote tatu na kutokea nyuma. Maji ya miguu ya wasafiri yalipita humo, yakaacha baraza limepoa hata jua likiwaka. Waliojenga hawakuwa na feni. Walikuwa na akili. Na hapo konani waliweka kifuniko cha jiwe, ili kila mwaka mtu aingize mkono asafishe."

Kifuniko cha jiwe! Nikarudi nyuma hatua moja, nikamkanyaga mwenzangu.

Fundi aliingiza kidole kwenye tundu, akainua.

Sijui nikuelezeje harufu iliyotoka. Bwana afya alikimbilia barabarani. Wasichana wawili wa darasa letu walitapika kwenye madaftari yao. Fundi peke yake hakusogea. Alichukua koleo dogo, akazamisha, akatoa bonge jeusi lililokuwa likitembea. Ndiyo, likitembea, kwa sababu lilikuwa limejaa funza, wanene, weupe, wakidondokea sakafuni mmojammoja. Na katikati ya lile bonge, yakiwa yameshikamana kwa ute, yalikuwa manyoya ya kuku.

"Mkojo hauna manyoya," fundi alisema.

Mtu mmoja wa sokoni akapaza sauti, "Muuza kuku!" Na wote wakageuka kumtazama mama yangu.

Mama alivuka barabara na kisu bado mkononi, aproni yake ina damu. Hakuwa na woga hata kidogo. "Mimi?" alisema. "Mimi nitupe uchafu anapoweka maji mama mkwe wangu? Taka zangu zinakwenda shimoni kila asubuhi, na anayezipeleka ni mwanangu huyu hapa. Mnamjua wote. Mtoto huyu hawezi hata kunywa kikombe cha mwenzake! Nakula kiapo mbele yenu, kama mwanangu huyu amewahi..."

"Mama, usiape!"

Sauti ilinitoka kabla sijaipa ruhusa. Mama akanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini ardhi ya pale, kwa jinsi ilivyokuwa imejaa, isingeweza kumeza kitu kingine.

"Ni mimi," nilisema. "Ninamimina hapa. Sijaenda shimoni kwa miezi miwili. Niliona kinyaa." Nikameza mate, na mate yenyewe yalikuwa na ladha ya ule uvundo. "Na sikumwona mtu yeyote akikojoa humu. Niliandika uongo."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Mama alikifuta kisu kwenye aproni, upande mmoja, kisha upande wa pili, akanitazama kana kwamba nimevaa uso wa mtoto wa jirani. Hapo nikajua kwamba kinyaa nilichokuwa nikiionea ndoo, shimo na watu wengine, sasa mama yangu alikuwa akinionea mimi.

Breki alikuwa nyuma ya watu, juu ya mkokoteni wake. Aliteremka, akasogea akichechemea. Nilidhani atanitukana, na ningeona afadhali.

"Kwa hiyo si mimi?" aliuliza.

"Si wewe, mjomba."

"Unajua, mtoto, nilikuwa nimeanza kujinusa mwenyewe." Alicheka kidogo, lakini macho yake hayakucheka. "Nilikuwa naosha miguu mara tatu kwa siku. Nyumbani nilianza kulala peke yangu ukumbini, nisimkere mke wangu. Nilisema, watu wote hawa hawawezi kukosea, labda kweli ni mimi."

Hapo ndipo nililia. Nililia kwa sauti, mbele ya darasa langu lote, makamasi yakanitoka, na sikuona kinyaa.

Fundi alimgeukia bwana afya. "Kuvunja hili kunataka siku nne. Kuzibua mfereji kunataka siku mbili. Jengo halina kosa. Unataka nianze na lipi?"

Bwana afya aliitazama alama yake nyekundu, akajikuna kichwa kwa kalamu. "Zibua kwanza," alisema. "Kesho jioni nitakuja na pua yangu."

"Sizibui peke yangu," fundi alisema, akaninyooshea koleo.

Nilivua viatu na soksi. Nilipiga magoti pale alipokuwa akipiga magoti Bibi, nikaingiza koleo, na koleo liliposhindwa kupinda kona, fundi akasema, "Sasa mkono." Nikaingiza mkono. Uliingia hadi kwenye kwapa. Nilishika vitu laini, vya uvuguvugu, vilivyojongea katikati ya vidole vyangu. Nilitapika mara mbili siku ile na mara moja siku ya pili, nikafuta mdomo kwa bega na kuendelea. Mama alifunga meza yake, akaja kupiga magoti kando yangu. Hakuongea nami, lakini kila nilipojaza ndoo, alikuwa amekwisha kumwaga ndoo nyingine ndani ya mkokoteni wa Breki. Maana Breki ndiye aliyezibeba taka zile hadi shimoni. Aliniambia nitembee nyuma nikiuvuta, kwa kuwa mkokoteni hauna breki na mlima unashuka.

Siku ya pili alasiri mfereji ulikuwa mtupu. Fundi aliupaka chokaa mpya hadi alipoweza kufika, akaniachia brashi nimalizie mahali ambapo mkono mwembamba tu ungepita. Kisha wanafunzi wakakimbilia nyuma ya jengo, na Bibi akamimina ndoo ya maji kwenye jiwe la mlangoni. Maji yalitembea sakafuni, yakaingia konani, yakapotea. Tulisubiri. Niliyasikia yakipita chini ya baraza, upande wa kulia, nyuma yetu, kisha kushoto.

"Yanatoka!" wenzangu walipiga kelele nyuma ya ukuta. "Yanatoka, na ni meupe!"

Bwana afya aliingia bila kitambaa. Alivuta hewa, akanusa kila kona, akagusa baraza kwa kiganja na kushangaa jinsi lilivyokuwa limepoa. Hakusema samahani, lakini alichukua brashi ya chokaa mkononi mwangu na kuifuta alama yake mwenyewe kwenye nguzo. Mwalimu naye alinirudishia barua yangu mbele ya darasa. Niliiandika upya palepale, kwa nusu ukurasa tu, na Breki ndiye niliyempa aisome wa kwanza.

"Imekuwa fupi," alisema.

"Nimeondoa chumvi," nilijibu.

Aliikunja, akaitia mfukoni. Akanawa miguu, akainama kuingia, akaunyoosha mguu wake mbovu juu ya baraza. Bibi alimpa maji ya mtungi, akanywa, na kikombe kikarudi kikiwa na alama ya midomo yake. Bibi alikijaza tena, akaninyooshea mimi.

Nilikitazama. Nikanywa hadi tone la mwisho.

"Kaa," Bibi alisema, nikakaa kati yake na Breki. Mama alikuwa amesimama mlangoni, naye akainama, akaingia. "Kuona kinyaa si kosa, mjukuu wangu," Bibi aliendelea. "Pua yako ni nzuri, na mtaa huu unaihitaji. Kosa lako ni kwamba uliitumia kuwanusa watu, ukasahau kunusa mkono wako mwenyewe. Uchafu ulioukimbia kwa dakika kumi umekufanya uulalie kifudifudi siku mbili. Na ulipotafuta wa kumbebesha, ukamchagua mtu asiyeweza kujibu. Huo ndio uchafu uliokuwa ukinuka kuliko matumbo ya kuku."

Baraza lilikuwa baridi chini yetu.

Kesho yake asubuhi nilivaa sare, nikaikuta ndoo mlangoni imejaa hadi juu. Mama alikuwa akinyonyoa, mgongo wake kwangu. Nilingoja aseme yale maneno yake ya kila siku, "Shimoni, si pengine." Hakuyasema. Badala yake aliacha kuku mezani, akanawa mikono, akashika upande mmoja wa mpini wa ndoo.

"Leo twende wote," alisema. "Kesho nitakuamini."

Tulipita Pumziko bila kusimama. Shimoni nzi walinipanda usoni kama kawaida yao, na mbwa walikuwapo. Nilimwaga ndoo, nikatapika kidogo, nikarudi nyumbani kuvaa viatu vya shule.